Mume kaachishwa kazi, kausha damu wako mlangoni: nianzie wapi?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana mchana sitaki watoto wanione ninavyokuwa.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi kiwanda cha plastiki. Amekaa pale miaka saba, mshahara wake laki tatu, na NSSF walikuwa wanamkata kila mwezi. Wiki tatu zilizopita aliitwa yeye na wenzake kadhaa wakaambiwa kazi zimepungua, kiwanda kinapunguza watu. Akalipwa siku alizofanya mwezi ule, basi. Barua hakupewa. Walimwambia arudi asaini karatasi ndipo wamalizane, lakini hajarudi. Anasema hana sura ya kwenda kusimama getini kama ombaomba. Tangu siku hiyo anashinda ndani. Nikimwambia tutoke tukatafute msaada ananijibu kwamba mwanaume hatembezi shida zake mtaani.

Mimi nilikuwa napika vitumbua na uji asubuhi. Mtaji ukaisha mtoto wetu mdogo alipougua kifua. Ana miaka mitatu. Zahanati walimpima, dawa wakasema hazipo, tukanunua duka la dawa. Nikakopa laki tatu kwa hawa wanaoitwa kausha damu, rejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa mwezi mmoja, na dhamana walichukua kadi ya benki ya mume wangu pamoja na namba ya siri. Nimesharejesha laki mbili na sitini. Kazi ilipokatika nikashindwa, wakaanza kuhesabu faini, sasa wanadai laki mbili na arobaini. Ili niwatulize nikakopa elfu themanini kwenye programu ya simu. Hao nao wameanza kutuma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yangu, wanasema mimi ni tapeli. Mpaka mwalimu wa madrasa ya mwanangu katumiwa.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu, amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Mama mkwe tunakaa naye, ana miaka sitini na saba, ana presha na sukari, na dawa zake zimekatika. Kodi ya vyumba viwili ni elfu sabini kwa mwezi, inaisha mwezi ujao, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita au tutoke. Nina kikoba, lakini nimeacha kwenda kwa sababu nadaiwa na naona aibu.

Nimesikia TASAF wanatoa hela. Nimesikia halmashauri inakopesha akina mama bila riba. Jirani ananiambia hizo ni za wenye watu wao. Mama, mtu wa hali yangu anaanzia wapi?

Mama wa watatu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya jambo uliloliandika kwa kupita tu: wiki tatu. Umeniuliza habari za TASAF na mikopo ya halmashauri, na nitakujibu. Lakini mlango wa kwanza wa kugonga ni ule ambao mume wako anauonea haya, na muda wake unakaribia kwisha.

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30, kuanzia siku aliyoachishwa, za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Zikipita, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na atoe sababu za msingi za kuchelewa, na kusema alikuwa na huzuni nyumbani hakutoshi. Kwa hesabu yako amebakiwa na siku chache sana. Kwa hiyo kabla ya ofisi ya mtaa, kabla ya msikiti, kabla ya mimi na safu yangu, mume wako aende CMA. Kufungua lalamiko hakulipiwi. Atajaza fomu inayoitwa CMA F1, nakala atampelekea mwajiri, na ahifadhi uthibitisho kwamba imepokelewa. Kinachofuata kwanza ni usuluhishi, watu wanakaa mezani na kuzungumza. Kesi nyingi za namna hii hazihitaji wakili kufika hapo. Kama alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, TUICO kwa mfano, amwone kiongozi wa tawi leo hii aende naye.

Nimefanya kazi ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na nikuambie nilichokuwa nakiona. Familia inakuja ofisini kuomba unga, na mimi naandika barua za kuwaombea unga, kumbe baba ana stahili zake kiwandani ambazo hajazidai. Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na haki yake, hisani ije baadaye. Haki ina tarehe ya mwisho na ina kiasi. Hisani inategemea moyo wa mtu na alichonacho siku hiyo.

Sasa tazama haki ya mume wako ni kiasi gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu awape taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao au chama chao. Kuwaita asubuhi na kuwaambia kwaheri si utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe fedha badala yake. Kuna malipo ya likizo ambayo hajaichukua. Kuna kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka mmoja uliokamilika, hadi miaka kumi. Miaka saba ni siku 49. Kwa mshahara wa laki tatu, hicho peke yake kinapita laki tano. Ukijumlisha na notisi inapita laki nane, na hapo sijagusa swali la kama aliachishwa kihalali au la, ambalo lina fidia yake. Kisha kuna cheti cha utumishi, ambacho atakihitaji akitafuta kazi kwingine.

Hiyo karatasi wanayotaka asaini ndiyo inayonitia wasiwasi. Asisaini kitu ambacho hajakisoma hadi mwisho, na asisaini kabisa karatasi inayosema ameacha kazi mwenyewe au kwamba amelipwa stahili zote. Karatasi ya kuacha kazi kwa hiari inamfungia milango miwili kwa mpigo, wa CMA na wa NSSF. Akitaka kuipokea aipokee, aje nayo nyumbani, aipeleke kwa mtu anayejua sheria.

NSSF nako kuna fao la kukosa ajira, na wengi hawalijui kwa sababu wamezoea kusikia habari za pensheni tu. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, hulipwa theluthi moja ya mshahara wake, asilimia 33.3, kwa miezi sita. Kwenu ni kama laki moja kila mwezi. Haitatosha kila kitu, lakini ni kodi ya mwezi na debe la unga. Mume wako aende ofisi ya NSSF iliyo karibu na kitambulisho cha NIDA na namba yake ya uanachama, aombe taarifa ya michango yake yote. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, mwajiri kupeleka ni jambo lingine. Akikuta miezi inaruka, aseme hapo hapo, kwa sababu mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri. Kwa maombi ya fao watataka barua ya kuachishwa kazi, kwa hiyo aidai kwa maandishi, na kama kiwanda kinakataa, alitaje hilo kwenye lalamiko lake CMA.

Mwanangu, hapa kuna jambo la kufanya kabla hata senti moja haijaingia. Kadi ya benki ya mume wako iko mikononi mwa kausha damu, na namba ya siri wanayo. Stahili zake zikipitia akaunti hiyo, wao ndio watakaozitoa. Aende benki kesho, aifunge kadi hiyo na kuomba nyingine yenye namba mpya. Asiogope kwamba anawadhulumu. Deni linabaki kuwa deni, lakini hakuna mkopeshaji mwenye haki ya kushika ufunguo wa akaunti ya mtu, na Benki Kuu imeshaonya juu ya tabia hiyo.

Kuhusu deni lenyewe, nataka uijue hesabu, kwa sababu asiyejua hesabu hulipa kwa woga. Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wanasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Wanatakiwa wawe na leseni, na riba yao isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya laki tatu ni shilingi 10,500. Wewe ulitozwa 90,000. Kwa kiwango kinachoruhusiwa, baada ya laki mbili na sitini ulizorejesha, ungebakiza shilingi 50,500. Wao wanasema laki mbili na arobaini.

Usiende kuwaambia hayo peke yako mlangoni kwao, na usibishane nao wakija jioni na pikipiki. Chukua daftari uandike tarehe na kila rejesho ulilolipa, na kama ulituma kwa simu toa taarifa ya miamala. Waombe nakala ya mkataba na namba ya leseni. Kisha mtafute msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wako kwenye kata, na huduma yao ni bure. Ukiuliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza. Hapo Dar es Salaam mna bahati zaidi kuliko wenzenu wa mikoani, maana kuna Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kuna Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC. Msaidizi wa kisheria anaweza kukaa na wewe, mwenyekiti wa mtaa na mkopeshaji, mkaandikiana kiasi kilichobaki na namna ya kukilipa. Nimeona kausha damu wakipunguza sauti mara tu anapotokea mtu wa tatu mwenye kalamu. Wakija kubeba vyombo kwa nguvu, hilo ni la polisi.

Wa kwenye simu ni aina nyingine ya watesaji. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Angalia kama hao wako wamo. Wawe wamo au hawamo, kuchukua majina ya watu kwenye simu yako na kuwatumia ujumbe wa kukuvunjia heshima ni kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na iko Tume inayopokea malalamiko hayo. Piga picha za ujumbe wote kabla haujafutwa. Kwa mwalimu wa madrasa na wengine waliotumiwa, waandikie sentensi tatu: kwamba umekopa, kwamba wanaokudai wanatumia njia isiyo halali, na kwamba unaomba radhi kwa usumbufu. Utashangaa ni wangapi watakujibu kwamba yaliwakuta na wao. Na tafadhali, usikope pengine ili kulipa hapa. Hilo nakusihi kama mzazi.

Sasa tuje mtaani kwenu.

Nenda kwa mjumbe wako, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Ukifika usiseme "naomba msaada". Mwenyekiti na mtendaji husikia neno hilo siku nzima na hawana sanduku la msaada chini ya meza. Omba jambo moja linalotajika, kwa mtu mwenye uwezo nalo. Kwa mtendaji wa mtaa omba barua ya utambulisho inayoeleza kwamba kaya yenu imepoteza kipato na ina mzee mgonjwa. Barua hiyo utaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, na huyo ndiye mtu ambaye watu wengi hawamfikirii kabisa. Yuko halmashauri, na yuko pia kwenye hospitali za serikali. Ukienda Hospitali ya Mbagala Rangi Tatu au Temeke, uliza ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujafika dirisha la malipo, si baada ya kushindwa kulipa.

Mama mkwe wako ana miaka 67. Sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Anahitaji kutambuliwa: barua ya mtaa, kitambulisho cha NIDA na picha ndogo, kisha afisa ustawi wa jamii. Mwenye presha na sukari asikae bila dawa akisubiri karatasi. Mpelekeni wiki hii hii, barua ya mtendaji mkononi, waelezeni hali ilivyo. Na mtoto wako wa miaka mitatu, huduma yake ni bure mpaka atimize miaka mitano. Najua ilivyo kwenye zahanati, daktari anaandika, dawa hakuna, unaambiwa ukanunue. Safari ijayo, kabla hujatoka, mwulize mfamasia kama dawa hiyo ipo kituo cha afya au hospitali ya jirani, na uombe uandikiwe rufaa ya kwenda huko. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko mkopo wa laki tatu.

Kijana wa kidato cha tatu arudi shule kesho asubuhi, na baba au wewe mmoja wenu aende naye. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016. Ni kweli kwamba sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi, na shule nyingi wazazi hukubaliana michango ya chakula. Lakini mtoto kutolewa darasani kwa sababu ya mchango hakuruhusiwi. Mwoneni mkuu wa shule kwa adabu, mwelezeni kwamba baba amepoteza kazi, mseme mtaanza kuchangia lini na kiasi gani. Wakuu wa shule wengi wanaelewa wakiambiwa, tatizo ni mzazi anayepotea. Ikishindikana, afisa elimu wa kata yuko hapo hapo kwenye ofisi ya kata. Kijana wa kidato cha tatu akizoea kushinda nyumbani, mwezi mmoja unatosha kumpoteza, na huyo humrudishi kwa barua.

Kuhusu TASAF, nitakueleza ukweli ili usipoteze nguvu. Mpango wao wa Kunusuru Kaya Maskini hauna dirisha ambalo mtu aliyeachishwa kazi jana anakwenda na kuandikishwa leo. Walengwa hupatikana kwa awamu, wakati wa utambuzi, na majina hujadiliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, kisha kaya huhakikiwa. Unachoweza kufanya sasa ni kuhakikisha mjumbe na mwenyekiti wanaijua hali yenu, na kuhudhuria mikutano ya mtaa, maana asiyefika mkutanoni hatajwi. Mtu yeyote akikuomba hela ili aingize jina lako, huyo ni mwizi, mtaje kwa mtendaji. Jirani yako anaposema ni za wenye watu wao, sitambishia kwamba upendeleo haupo. Umekuwepo na nimegombana nao. Lakini nimeona pia kaya nyingi zilizokosa kwa sababu siku jina linaitwa hakuwepo hata mmoja wa kusema "ndiyo, ninawajua hawa".

Mikopo ya halmashauri ipo kweli. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024. Kwa wanawake inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, si kwa mtu mmoja, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Ila maoni yangu ni kwamba usiiguse sasa. Ukichukua leo, kausha damu wataila kabla hujanunua mchele wa vitumbua, na utakuwa umewatia wenzako wanne kwenye deni lako. Lipunguze kwanza hili lililopo, halafu tafuta wanawake mnaoaminiana, mjisajili.

Kinachoweza kukuinua haraka zaidi ni kile ulichokikimbia. Rudi kwenye kikoba. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii uliotengwa na hisa, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na majanga ya aina hii, na wewe umeuchangia. Siku ya mkutano fika mapema, mwone mwenyekiti na mweka hazina kabla wengine hawajaja, uwaambie mume ameachishwa kazi, unaomba deni lako lipangwe upya na ufikiriwe kwenye mfuko wa jamii. Mwanachama anayekuja na kusema hupewa muda. Anayezima simu ndiye anayesemwa. Mtaji wa vitumbua na uji si pesa nyingi, na hauhitaji taasisi. Wanawake kumi wanaokufahamu wanatosha kukusimamisha tena na kikaango chako.

Umetaja madrasa, kwa hiyo nakuambia na la msikiti. Zaka ina mafungu nane ya wanaostahili kupewa, yametajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na pamoja na mafukara na maskini wametajwa wenye madeni. Wewe umo humo kwa jina. Mume wako akamwone imamu baada ya sala, faragha, si kwa kutangaziwa. Amweleze deni, dawa za mzee na kodi. Msomaji mwingine ambaye ni Mkristo aende kwenye jumuiya yake ndogondogo au kwa mzee wa kanisa. Parokia nyingi za Kikatoliki zina Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kazi yake ni hiyo hiyo ya kutembelea wenye shida.

Mwenye nyumba mwendeeni kabla tarehe haijafika, nyote wawili, na mjumbe akiwa shahidi. Msiombe huruma ya jumla. Mwambieni mtalipa mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu, kisha mtarudi kwenye utaratibu wake mume akilipwa stahili zake, na mwonyesheni karatasi ya CMA kwamba kuna fedha inadaiwa. Andikeni makubaliano, msaini. Mwenye nyumba anaogopa mpangaji asiyejulikana kesho yake itakuwaje. Mkishindwa kuelewana, baraza la kata husuluhisha, na hana haki ya kutupa vyombo vyenu nje kwa mabavu.

Nimemwacha mume wako mwisho, lakini ndiye anayeniumiza roho zaidi. Mwanaume aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka saba, ghafla hana pa kwenda. Hiyo si uvivu. Asipokula, asipolala, au akianza kusema maneno ya kukata tamaa na maisha, usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na ustawi wa jamii pale pale watamsikiliza. Usimwambie "twende tukaombe msaada". Mwambie "kuna fedha yako imebaki kiwandani na siku zinahesabika". Anasema mwanaume hatembezi shida zake mtaani. Sawa, mtaani utakwenda wewe. Yeye aende kudai jasho lake, na kwa hilo hakuna anayeweza kumwita ombaomba. Awatafute na wenzake walioachishwa siku ile ile, waende pamoja; wakiwa wengi ni vigumu kuambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyekosea. Lakini wasipopatikana kwa wakati asiwasubiri.

Leo usiku, kabla hamjalala, tafuteni kitambulisho cha NIDA, mkataba kama upo, hati zozote za mshahara, kitambulisho cha kazi na namba ya NSSF. Mkataba ukikosekana msikate tamaa. Ujumbe wa simu wa msimamizi, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara, hata sare ya kazi, vyote vinasaidia kuonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa. Asubuhi pigeni kopi mbili za kila kitu. Yeye aanze na CMA, akitoka hapo apitie benki kuifunga kadi. Wewe mpeleke kijana shule, kisha umpeleke mama mkwe kwa mtendaji. Fomu ya CMA ni bora aijaze na kuisaini yeye mwenyewe, kwa hiyo akisita, mshike mkono uende naye mpaka kaunta, kisha uendelee na zako.